Mchumba Yuko Fildi, Tena Msituni!

Julai ikifika, vyuo vikuu vyetu vinamwaga wanafunzi mitaani. Wa uhasibu utawakuta benki, wa sheria mahakamani, wa habari wanakuja hapa ofisini kwetu kuuliza kama kuna nafasi (zipo mbili tu, jamani, msisukumane). Wa jiolojia hutawaona. Wao wamebeba nyundo, dira na buti, wamekwenda porini kwa wiki nane, na huku mjini wameacha mtu anayechungulia simu kila baada ya dakika tano.

Mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, ni mmoja wao. Mwaka 2022 alikuwa mwaka wa tatu, na fildi yake ikaangukia Karatu. Kulala, Kansay. Kazi, Msitu wa Marang, ule uliounganishwa na Hifadhi ya Taifa ya Ziwa Manyara mwaka 2009. Mchumba wake ni kijana wa benki, Arusha mjini. Posa imepokelewa, nusu ya mahari imetolewa, kamati ya harusi iko WhatsApp na imeshaanza kugombania rangi ya vitambaa. Basi wiki ya tatu bwana akampigia simu mama mdogo na kutamka maneno mazito: binti achague, jiolojia ya msituni au harusi.

Mama mdogo akanipigia mimi. "Wewe ndiye mkubwa wao. Nenda kamrudishe."

Kwenda nilikubali. Kumrudisha sikuahidi. Nikaweka na sharti: shemeji ndiye anayeendesha gari.

Picha moja tu

Njia nzima alikuwa na hoja moja, na hoja hiyo ilikuwa kwenye simu yake. Ni picha. Mdogo wangu katikati, kofia imemfunika nusu ya uso, pembeni msichana mwenzake, wavulana watatu wa darasani, na nyuma yao askari wa hifadhi na bunduki yake. Wote wanacheka. Chini kaandika: "Poa sana huku." Basi. Hakuna kingine kwa siku nne, na akipiga, simu haipatikani.

"Dada, mwanamke gani anashinda msituni na wanaume wanne, halafu saa mbili usiku amelala?" aliniuliza tulipofika Mto wa Mbu.

Swali lake lilikuwa la haki, msomaji. Kumpigia mama mkwe badala ya kumuuliza mwenyewe, hapo ndipo nilipomwona hana adabu, na nilimwambia kabla hatujapanda mlima.

Karatu mjini unaaga lami. Kuanzia hapo ni vumbi jekundu linaloingia hadi kwenye meno, mashamba ya Wairaqw yaliyokwisha kuvunwa mahindi, mbaazi bado zimesimama. Na baridi! Mtu wa Dar ukiambiwa Julai ya Karatu usifanye mzaha, beba sweta mbili. Huo udongo mwekundu, nilikuja kuelezwa baadaye, ni lava na majivu ya volkano yaliyooza kwa muda mrefu kupita kiasi. Nchi yote ile imepikwa na moto wa chini. Kreta ya Ngorongoro yenyewe ni mlima ulioporomoka ndani yake, yapata miaka milioni 2.5 iliyopita. Si ajabu mwaka 2018 UNESCO ililitambua eneo la Ngorongoro-Lengai kuwa jiopaki ya dunia.

Mdogo wangu tulimkuta kwa mama mmoja aliyewapangisha chumba yeye na yule msichana mwenzake. Alikuwa anafua soksi. Alipomwona mchumba wake alisimama na povu mikononi, akasema, "Umekuja kunichukua au kunisalimia?" Mama mwenye nyumba akaingia ndani kutafuta chai. Mwanamke mwenye busara yule.

Twende kazini

Hakujibiwa. Kesho yake akatuambia twende naye kazini, tukalipa kiingilio cha hifadhi kama watu wengine. Saa kumi na moja alfajiri tuko kwenye gari. Afande anatangulia kwa sababu ya nyati na tembo, wengine mnafuata kimya, na kimya hicho ni amri, hapigi mtu stori. Shemeji alikuwa amevaa raba nyeupe.

Kitu ambacho sikuwa nakijua ni kwamba msituni mwamba hauonekani. Udongo na majani vimeufunika. Kwa hiyo unafuata vijito, maana maji ndiyo yaliyoosha hadi jiwe likatokeza. Unateremka korongoni, unapanda, unateremka tena. Ukipata jiwe unaweka dira, unapima limeelekea wapi na limeinama nyuzi ngapi, unaliangalia kwa lenzi ndogo iliyoning'inia shingoni, unaandika kwenye daftari, unasonga. Hadi saa tisa. Shemeji aliacha kuongea saa nne asubuhi.

Wanatafuta nini? Maji. Mvua inanyesha milimani, msitu unaishika isikimbie, inazama kwenye nyufa za lava. Ikikutana chini na mwamba mgumu usiopitisha, inatafuta pembeni pa kutokea, na hapo ndipo chemchemi. Ule msitu mzito unaowapokea watalii getini Manyara, bondeni kule ambako mvua ni haba, unakunywa maji yaliyosafiri chini ya ardhi kutoka nyanda za juu. Ukijua wapi lava inaishia na wapi mwamba wa kale unaanzia, unajua wapi kijiji kichimbe kisima.

Jioni tukapita kijijini kuchota sampuli, kwenye chupa za plastiki, kwa sababu anachopima hula kioo. Anapima floridi. Miamba ya volkano huiachia ndani ya maji. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Ikizidi, mtoto ambaye meno yake bado yanajengeka yanatoka na madoa ya kahawia ambayo hakuna mswaki utakaoyaondoa. Ikizidi sana, kwa miaka mingi, mifupa inapinda.

Shemeji amezaliwa na kukulia chini ya Mlima Meru. Tangu nimfahamu anacheka mkono ukiwa mdomoni.

"Kwa hiyo haya," akasema, akigusa meno ya mbele, "ni maji?"

"Ni maji. Ulifikiri nini?"

"Shuleni mwalimu alikuwa ananitoa mbele. Alisema sipigi mswaki."

Mdogo wangu akafunga kizibo cha chupa, akaandika namba. Hakusema kitu, na mimi nikaenda kumuuliza yule mama bei ya mbaazi.

Jirani zao, akina Leakey

Kama unadhani mapenzi na miamba haviwezi kukaa nyumba moja, ng'ambo ya kreta kuna Bonde la Olduvai. Louis na Mary Leakey walioana 1936. Julai 17, 1959, mume akiwa hoi kambini kwa homa, Mary alitoka na mbwa wake na kuliona fuvu la Zinjanthropus. Akarudi mbio na gari kumwambia, na mgonjwa akapona ghafla! Umri wa fuvu, miaka milioni 1.75, ulipatikana kwa kupima majivu ya volkano. Lakini miaka ya baadaye mke alibaki kambini na kazi yake, mume akazunguka dunia akihutubia, na hadi Louis anafariki 1972 ndoa ilishabaki jina.

Usiku ule wachumba walikaa nje kwenye baridi hadi saa tano. Nilichosikia kupitia dirishani (dirisha halikufunga vizuri, si umbeya) ni hiki. Yeye: "Mbona hukuniambia hata siku moja unafanya nini?" Binti: "Nilijua hutaelewa." Kukawa kimya kirefu. Kama ni kuumia, nadhani shemeji aliumia hapo kuliko kwenye ile picha, na kwa hilo mdogo wangu ndiye aliyeomba msamaha. Wakakubaliana Jumatano na Jumapili atapanda kile kilima chenye mtandao. Kila siku alikataa, miguu ni yake.

Mama mdogo alinipigia kuuliza kama nimemrudisha. Nikamwambia nimerudi na shemeji tu, na raba zake zimekwisha.

Majibu ya maabara yalitoka Oktoba. Aliyenipigia kunisomea namba za kila kisima, kimoja kimoja, hakuwa mdogo wangu. Alikuwa shemeji, saa nne usiku, hata salamu hakunipa.