Mfumo wa Limfu (Sehemu ya Pili): Njia ya Vumbi Kifuani

Limfu ni majimaji yanayovuja kutoka katika mishipa midogo ya damu, yakapita kati ya seli za mwili, kisha yakakusanywa na mishipa yake yenyewe na kurudishwa katika damu chini ya shingo, kiasi cha lita 3 hivi kwa siku. Kwa kuwa haina moyo wa kuisukuma, huendeshwa na mikazo ya mishipa hiyo, na mwendo wa misuli na wa pumzi, na njiani huchujwa katika tezi zilizojaa seli za kinga, zile zile zinazovimba kinenani mtu akiumia mguu, hali iitwayo mtoki.

Kwa wakazi wa Kolwezi, mji wa migodi mkoani Lualaba, hata hivyo, tezi zinazostahili kuangaliwa zaidi ni zile zisizofikiwa na vidole, zilizojipanga kwenye mzizi wa kila pafu. Wakati wa kiangazi vumbi la barabara za malori ya madini na la mashimo ya wachimbaji wa mkono huingia kifuani kwa kila pumzi. Chembe kubwa hunaswa na makamasi, lakini zile ambazo jicho halizioni hufika hadi kwenye vifuko vya hewa, ambako humezwa na seli za ulinzi zinazoitwa makrofeji, na baadhi ya seli hizo huzibeba katika limfu hadi kwenye tezi.

Chembe mbaya kuliko zote hapa ni silika, dutu inayojenga mchanga na miamba mingi, nayo imo tele katika mawe ya shaba na kobalti ya Lualaba, hata tabaka moja mashuhuri la miamba hiyo wanajiolojia wamelipa jina la Kifaransa la Roches Siliceuses Cellulaires. Silika huiua makrofeji iliyoimeza, ikatoka, ikamezwa na nyingine, nayo ikafa, na kila kifo huzidisha uvimbe wa ndani hadi tezi igeuke kovu gumu, ambalo pengine huonekana katika picha ya eksirei likizungukwa na chokaa kama ganda la yai. Hapo usafishaji wa pafu huzorota, na bakteria wa kifua kikuu, ambao makrofeji ndizo zilizopaswa kuwazuia, hupata mwanya. Kwa sababu hiyo mchimbaji anayekohoa kwa wiki 2 hana budi kupimwa makohozi na kumweleza daktari miaka aliyotoboa mawe, maana ugonjwa wa silika na kifua kikuu huweza kukaa katika kifua kimoja.

Kovu hilo halina dawa ya kuliondoa, na huweza kuendelea kukua hata baada ya mtu kuacha mgodi, ila mwamba unaolowanishwa maji wakati wa kutobolewa hutoa vumbi kidogo zaidi.