Je, Wajua? Mbuga ya Kupita kwa Baiskeli

Katika mbuga nyingi za Afrika Mashariki, kushuka garini ovyo ni kosa. Hell's Gate, karibu na Ziwa Naivasha nchini Kenya, ina utaratibu wake: unakodi baiskeli nje ya Lango la Elsa, unalipa kiingilio, kisha unapiga pedali katikati ya pundamilia, twiga, swala na ngiri. Simba hawaishi humo kwa kawaida. Nyati wapo, na hao si wa kuzoeana nao. Ukiwaona njiani, subiri wapite.

Mbuga hii ilitangazwa mwaka 1984 na ina ukubwa wa kilomita za mraba 68 hivi, kwa hiyo siku moja yatosha. Anayetaka kulala abebe hema, kwani zipo kambi juu ya magenge. Ajabu ni mabomba ya mvuke wa jotoardhi ya eneo la Olkaria, humo humo mbugani: mtambo wa kwanza ulianza kuzalisha umeme mwaka 1981, kabla mbuga haijatangazwa.

Beba maji ya kutosha na kiraka cha tairi. Mvua ikitanda, usiingie katika korongo lililo ndani ya mbuga. Mafuriko ya ghafla yamewahi kuua wageni humo.