Herufi Moja ya Damu: Njia ya Binti Msomi kutoka Chiromo hadi Kabete

Binti wa Pwani akipata alama nzuri za baiolojia na kemia, neno la kwanza litokalo vinywani mwa jamaa ni kwamba atakuwa daktari. Mama mdogo humwombea dua, ami huanza kuulizia karo, na majirani humwita daktari kabla hata barua ya chuo haijafika. Hapana ubaya katika hilo, kwani hospitali zetu zinawahitaji madaktari. Lakini nafasi za udaktari ni chache, na wako mabinti wanaozikosa kwa tofauti ndogo ya alama, wakapangiwa shahada ya baiokemia au ya baiolojia, na nyumbani ikahesabiwa kuwa ni msiba. Makala haya yameandikwa kwa ajili ya wazazi wa mabinti hao na mabinti wenyewe. Njia iliyofunguka mbele yao ina heshima yake, na sehemu ya mwanzo wake imo katika damu ya watu wa mwambao huu.

Mwaka 1949 kijana mmoja aliyelelewa katika shamba huko Gilgil, Anthony Allison, alikuwa mwanafunzi wa Oxford. Alirudi Kenya na msafara wa chuo chake, akazunguka nchini akichukua sampuli za damu za makabila mbalimbali. Alikuwa akitazama, pamoja na mengine, ni nani wana chembe za damu zinazoweza kupinda mfano wa mundu, zile zilizoupa ugonjwa wa selimundu jina lake. Aliyoyakuta yalimshangaza. Karibu na Pwani na kando ya Ziwa Victoria, watu waliobeba alama hiyo walizidi asilimia 20, ilhali katika nyanda za juu hawakufika hata asilimia 1. Alijiuliza: sehemu hizi mbili, zilizo mbali hivi, zina jambo gani moja? Jawabu lilikuwa malaria. Mwaka 1954 alichapisha ushahidi kwamba mtoto aliyerithi alama hiyo kwa mzazi mmoja tu hupata kinga fulani dhidi ya malaria. Yule aliyeirithi kwa wazazi wote wawili ndiye anayeugua yale maumivu ambayo familia nyingi za Kilifi, Kwale na Mombasa zinayajua bila ya kusimuliwa.

Hiyo alama yenyewe ni nini? Mwaka 1957 Vernon Ingram, katika maabara ya Cambridge, alibainisha kwamba hemoglobini, ile protini ibebayo hewa katika damu, ina minyororo, na katika mnyororo mmoja wenye viungo 146 kiungo cha sita tu ndicho kilichobadilika. Baadaye ikajulikana kwamba chanzo chake ni herufi moja ya DNA: palipopaswa kuwa na A pamekaa T. Aliyepitia madrasa hatalistaajabia hili. Jimu ikifutwa nukta yake huwa ha, na neno zima likabadilika maana.

Hapa ndipo zinapokutana elimu mbili tunazozizungumzia. Bioinfomatiki ni elimu ya kuzisoma herufi hizo kwa kompyuta, kwa mamilioni, na kuzilinganisha baina ya mtu na mtu, au baina ya kimelea na kimelea. Baiolojia ya maumbo huchunguza jinsi mnyororo wa protini unavyojikunja ukawa umbo, na umbo hilo linavyofanya kazi au linavyoharibika. Ya kwanza husoma maandishi, ya pili hutazama kitu chenyewe. Wanafunzi wake hulitaja neno algorithimu mchana kutwa, na si wote wanaojua kwamba limetokana na jina la Al-Khwarizmi, mwanachuoni wa hesabu aliyefanya kazi Baghdad katika karne ya 9.

Kwa Nairobi, karibu njia yote ya taaluma hii imepangwa juu ya barabara moja. Mtu akianzia katikati ya jiji, ambako Chuo Kikuu cha Nairobi kina kampasi yake kuu, si mbali na Msikiti wa Jamia, atateremka kidogo hadi Chiromo. Humo mwenye miti na mto ndimo zinamosomeshwa sayansi za maumbile, na ndimo chuo kilipoweka Kituo chake cha Bayoteknolojia na Bioinfomatiki. Kutoka hapo ni Westlands, kisha Waiyaki Way kuelekea magharibi, Kangemi, Uthiru, mpaka Kabete. Hapo pana makao ya Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo, ILRI, iliyoundwa mwaka 1994 kwa kuunganisha taasisi moja ya Nairobi na nyingine ya Addis Ababa. Mbele zaidi ni Muguga.

Msomaji atauliza, mifugo inamhusu nini binti wa Mombasa? Inamhusu sana. Kuna maradhi ya ng'ombe yanayoitwa ndigana kali, yanayoenezwa na kupe. Wazungu waliyapa jina la homa ya Pwani ya Mashariki, kwa sababu mwanzoni mwa karne ya 20 yalifika kusini mwa Afrika pamoja na ng'ombe waliosafirishwa kutoka pwani yetu. Kimelea chake, Theileria parva, ni wa ukoo mmoja na kile cha malaria. Katika miaka ya 1970 watafiti wa Muguga walibuni kinga ya ajabu kidogo: ng'ombe hudungwa vimelea hai na papo hapo hupigwa sindano ya dawa ya kuvizuia. Kinga hiyo inafaa, ila lazima itunzwe katika naitrojeni ya maji yenye baridi kali, na mfugaji wa mbali ataipata wapi?

Ndiyo sababu ILRI, pamoja na taasisi ya TIGR ya Marekani, walikisoma kimelea hicho chote kuanzia herufi ya kwanza hadi ya mwisho. Matokeo yalitoka katika jarida la Science mwaka 2005: herufi zaidi ya milioni 8 katika kromosomu 4, na jeni kiasi cha 4,000. Mwaka uliofuata, kwa kuitumia hazina hiyo, watafiti wa Kabete na wenzao walitangaza protini kadhaa ambazo kinga ya ng'ombe huzitambua, na ambazo huenda zikatengenezewa chanjo nyepesi. Chanjo hiyo bado haijafika zizini. Tunalisema hili makusudi, kwa kuwa mzazi anayetarajia matunda ya haraka katika elimu hii atamchosha mtoto wake bure.

Tuseme basi ukweli wa safari yenyewe. Shahada ya kwanza ni miaka 4. Ya uzamili ni 2, na ya uzamivu ni 3 kwa uchache, mara nyingi zaidi. Kisha huja miaka ya utafiti kwa mikataba mifupi mifupi, hapa au ng'ambo, kabla ya kupata kiti cha mhadhiri. Karo ya uzamili ni mzigo kwa familia nyingi, na ni busara kutoanza kabla ya kuuliza ni mradi gani wa utafiti utakaomlipia mwanafunzi, kwani miradi ya namna hiyo ipo na taasisi kama ILRI hupokea wanafunzi wa uzamili na uzamivu. Binti atakuwa na miaka 30 na bado anaitwa mwanafunzi. Wenzake wa shule watakuwa wameshajenga. Kazi yake nayo haionekani: hukaa mbele ya kipakatalishi, anaandika amri, anasubiri, anarekebisha, anaandika tena. Shangazi akija kumtembelea atadhani amekaa tu, na pengine atamtuma dukani.

Upande wa maumbo una ugumu wake zaidi. Ili kuliona umbo la protini, kwa desturi huigandisha kwanza iwe fuwele, kisha fuwele hupigwa eksirei kali mno zitokazo katika mtambo mkubwa kama uwanja wa mpira. Bara zima la Afrika halina mtambo huo. Ulio karibu nasi uko Jordan, unaitwa SESAME, nao ulifunguliwa mwaka 2017. Kwa hiyo mtaalamu wa Nairobi alilazimika kusafirisha fuwele zake au kusafiri mwenyewe. Mambo yamepungua uzito tangu ilipokuja programu ya AlphaFold, inayokisia umbo kutokana na herufi peke yake. Mwaka 2022 makisio zaidi ya milioni 200 yaliwekwa wazi kwa kila mtu, na mwaka 2024 wabunifu wake, Demis Hassabis na John Jumper, pamoja na David Baker, walipewa Tuzo ya Nobel ya kemia. Wapo wanaosema sasa hakuna haja ya kusomea maumbo, kwa kuwa kompyuta imemaliza kazi. Sioni hivyo, na hoja yangu naitoa katika selimundu hiyo hiyo. Dawa ya voxelotor ilibuniwa kwa kulitazama umbo la hemoglobini na kutafuta pa kuikamata isigandane. Marekani iliiidhinisha mwaka 2019. Mwaka 2024 kampuni yake iliiondoa sokoni duniani kote baada ya takwimu kuzua hofu juu ya maumivu makali na vifo miongoni mwa wagonjwa. Umbo lilikuwa wazi, na mwili wa mgonjwa ulikuwa na la kwake la kusema. Anayefaa kuyaunganisha mambo hayo mawili ni mtu aijuaye sayansi na awajuaye watoto wanaougua.

Na mwanamke? Dorothy Hodgkin, aliyezaliwa Cairo mwaka 1910, alianza kuichunguza insulini miaka ya 1930, akalipata umbo lake mwaka 1969. Ni insulini hii hii ambayo mabibi zetu wenye sukari hujidunga asubuhi. Katikati ya miaka hiyo alizaa watoto watatu, maradhi ya viungo yakampinda vidole, na mwaka 1964 akatunukiwa Nobel. Gazeti moja la kwao likamtambulisha kuwa ni mama wa nyumbani wa Oxford, kana kwamba penisilini na vitamini B12, ambazo maumbo yake aliyafumbua yeye, zilikuwa mapishi.

Kwa mabinti zetu, hijabu haizuii lolote katika kazi hii. Kinachozuia ni hesabu ya miaka, maana uzamivu huangukia wakati ule ule wa ndoa na watoto wa kwanza. Ni bora jambo hili lizungumzwe waziwazi wakati wa posa, na bwana ajue anamwoa msomi ambaye bado yumo safarini. Ni bora pia bibi mzaa mama aulizwe mapema kama ataweza kumshika mjukuu, kuliko kumngoja akasirike. Nafuu ni kwamba sehemu kubwa ya kazi hubebeka, kwani kompyuta huachwa ikihesabu usiku na majibu husomwa asubuhi.

Tena si lazima kila binti aende Nairobi. Chuo Kikuu cha Pwani, Kilifi, kinafundisha uzamili wa bioinfomatiki, na mji huo huo una kituo cha utafiti cha KEMRI na Wellcome, kilichosoma jenomu za virusi vya korona nchini wakati wa janga. Walio shuleni, wakiwemo wale wa mtaala mpya walioingia Gredi ya 10 Januari 2026, wasiiache hisabati kwa kuiogopa na kubaki na baiolojia peke yake, kwani huku hazitenganishwi.

Na anayetaka kuonja kabla ya kuamua hahitaji ruhusa ya chuo. Hifadhi ya dunia ya maumbo ya protini, PDB, ilianzishwa mwaka 1971 ikiwa na maumbo 7 tu, na sasa yamezidi 200,000, yote ni bure. Binti afungue, aandike 4HHB, ataiona hemoglobini ya mtu mzima wa afya. Kisha aandike 2HBS. Hiyo ni ya selimundu, na akiisogeza taratibu ataona kile kiungo cha sita kimejichomeka katika kishimo cha hemoglobini jirani, na ndivyo zinavyoanza kushikana.