Moyo Huamka Kabla ya Jembe

Mkulima aingiapo shambani alfajiri na kuinua jembe lake, hudhani kwamba mikono yake ndiyo iliyotangulia kufanya kazi. Sivyo. Moyo wake umekwisha kuamka. Hata mkimbiaji aliyesimama penye mstari akingoja bastola ilie, mapigo ya moyo wake huongezeka kabla hajainua mguu, kwa kuwa ubongo umekwisha kupeleka amri.

Moyo wa mtu mzima aliyepumzika hupiga mara 60 hadi 80 hivi kwa dakika, nao husukuma lita 5 hivi za damu. Iko mishipa ya fahamu iuzuiayo usiende mbio, mfano wa hatamu ya punda. Mara kazi ianzapo, hatamu hiyo hulegezwa, na mapigo hupanda kwa muda wa sekunde chache tu. Kisha mishipa mingine ya fahamu, pamoja na homoni iitwayo adrenalini, huuhimiza moyo upige kwa nguvu zaidi. Kijana mwenye afya akifanya bidii yote, moyo wake huweza kusukuma lita 20 kwa dakika.

Damu hiyo haigawanywi ovyo. Mishipa midogo iliyo katika misuli ifanyayo kazi hupanuka, na ile ya tumbo na figo hujibana, ili damu ipate kwenda inakohitajiwa. Miguu nayo husaidia: misuli ijikazapo huikamua mishipa na kuirudisha damu moyoni, na vilango vidogo vilivyomo huizuia isirudi chini.

Hata hivyo, katika dakika mbili tatu za kwanza misuli hutaka oksijeni nyingi kuliko inayofikishwa na damu. Basi hukopa. Ndiyo sababu mtu huendelea kutweta hata akiisha kuketi: analipa deni.

Kwa kijana, hilo si neno kubwa. Lakini karani wa makamo akaaye kitini juma zima, kisha Jumamosi akaliparamia jembe kwa pupa, hujitia hatarini. Ikiwa mishipa inayoulisha moyo wenyewe imekuwa myembamba, moyo utadaiwa kazi kuliko chakula uupatacho.

Afadhali aanze kwa kutembea dakika 5 hadi 10, kisha alime polepole mpaka mwili upate joto. Amalizapo asisimame tuli ghafula, maana damu hubaki miguuni na kuleta kizunguzungu. Atembee kidogo kwanza. Na mtu yeyote aonaye kifua kinambana, au maumivu yakienea mkononi au tayani, aache kazi mara moja na kupelekwa hospitali upesi. Asijidanganye kwamba ni uchovu tu.

Wazee walisema kwamba mwenda pole hajikwai. Shamba laweza kungoja dakika 10, na jioni mwenyewe akarudi nyumbani salama.