MWENYE MACHO HUAMBIWA TAZAMA: Mafunzo ya Wasimamizi katika Viwanda vya Chipu

Wahenga walisema mwenye macho haambiwi tazama. Sina nia ya kushindana na wahenga, lakini kuna mahali ambapo methali hii haifai hata kidogo. Mahali penyewe ni ndani ya kiwanda cha chipu, vile vipande vidogo vinavyoendesha simu na kompyuta. Chipu nyingi hutengenezwa kwa silikoni. Silikoni huitwa semikondakta kwa sababu haipitishi umeme vizuri kama shaba, wala haiuzuii kabisa kama mpira.

Kazi huanza na visahani vyembamba vya silikoni. Katika viwanda vikubwa vya siku hizi kisahani kimoja kina upana wa milimita 300, nacho hupitia mamia ya hatua kabla ya kukatwakatwa kuwa chipu. Unywele wa mtu una unene wa kama nanomita 80,000, ilhali sehemu nyingi za chipu hazifiki hata nanomita 100. Basi chembe ya vumbi usiyoweza kuiona ni kama jabali lililoangukia kijiji! Ndiyo maana wafanyakazi huvaa mavazi ya kuwafunika kutoka kichwani hadi miguuni, wala hawaruhusiwi kujipaka poda. Macho wanayo, lakini adui haonekani.

Je, ni nani anayehakikisha kwamba haya yote yanafuatwa? Si meneja aliyeketi ofisini. Ni msimamizi wa zamu, au supavaiza kama tulivyozoea kusema. Viwanda hivi havilali. Zamu moja ikitoka na nyingine ikiingia, yeye ndiye hupokea habari: mashine gani ina kasoro na mfanyakazi gani ni mgeni. Neno moja likisahaulika, visahani 25 vilivyo katika kasha moja vinaweza kuharibika pamoja.

Mara nyingi msimamizi huchaguliwa kwa sababu alikuwa mfanyakazi hodari. Kumbe kujua kazi ni jambo moja na kumfunza mwingine ni jambo jingine! Mimi mwenyewe niliyaona haya katika maabara ya Kemia. Rafiki yangu hakuwako siku tulipofunzwa kutumia pipeti, nikajitia mwalimu. Nilimwambia, "Vuta polepole hadi kwenye alama." Akaitikia kwa kichwa. Alipovuta, ncha ya pipeti ilitoka nje ya dawa, hewa ikaingia na sodiamu haidroksaidi ikamrukia mdomoni. Bahati nzuri dawa ilikuwa hafifu, akasukutua kwa maji mengi. Nilimcheka na kumlaumu. Jioni ndipo nilipokumbuka kwamba sikumwambia ncha isitoke ndani ya dawa, wala sababu yake. Kosa lilikuwa langu.

Ugonjwa huu una dawa ya tangu zamani. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili, viwanda vya Marekani vilijaa wafanyakazi wageni. Kati ya 1940 na 1945 kulikuwa na mpango ulioitwa TWI, uliofunza wasimamizi zaidi ya milioni 1.6. Baada ya vita mpango huo ulipelekwa Japani, na kampuni ya Toyota ikautumia. Msimamizi alifunzwa kufundisha kwa hatua nne, ambazo nitazieleza kwa mfano wa kuvaa mavazi ya kiwanda cha chipu.

Kwanza, mtulize mgeni na umwulize anajua nini. Pili, mwonyeshe kazi hatua moja moja, ukitaja jambo la kuzingatia na sababu yake: kofia huvaliwa kabla ya vazi la mwili, na viatu baadaye, ili vumbi la juu lisiangukie nguo safi ya chini. Tatu, mwache afanye mwenyewe huku akikueleza sababu hizo kwa mdomo wake. Usikubali kuitikia kwa kichwa tu. Nne, mwache kazini, mwambie amwulize nani akikwama, kisha upite kumwangalia mara kwa mara.

Msimamizi hufunzwa pia kuishi na watu. Hili si jambo dogo. Katika kazi hii hutumika asidi ya haidrofloriki. Ikimdondokea mtu, huenda asisikie uchungu mara moja, huku inapenya hadi kwenye mfupa. Msimamizi akiwa mtu wa kufoka, mfanyakazi ataficha kwa kuogopa kufutwa, na kuficha huko kunaweza kumtoa roho. Kwa hivyo mkubwa mzuri ni yule anayeambiwa habari mbaya mapema.

Mambo haya hayako mbali nasi. Huko Nyeri, katika Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, iko kampuni ya Semiconductor Technologies Limited inayoshughulika na kazi hii. Huenda siku moja wewe msomaji ukawa msimamizi wa zamu. Ukifika huko, kabla ya kusema "huyu hasikii," jiulize kwanza kama ulimfunza.

Wahenga walisema tena kwamba asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Hapo siwapingi. Katika kiwanda cha chipu ulimwengu hufunza kwa hasara, na pengine kwa maisha ya mtu.