Motere Inaponyamaza Ufukoni

Wakaaji wa kando ya ziwa Tanganyika wanaijua vema sauti ya motere ya mashua wakati wa mapambazuko. Kwa sauti hiyo mama anajua kwamba ndagala wanakuja, na mwanafunzi anajua kwamba saa ya kuamka imefika. Lakini iko sauti nyingine, ndogo sana, inayowatia watu hofu kuliko mawimbi. Mtu anazungusha ufunguo, inasikika "ta!" moja tu, kisha kimya. Motere haizunguki.

Leo tunataka kueleza maana ya kimya hicho, na namna ya kutafuta asili yake. Jambo hili haliwahusu mafundi peke yao. Tuliona wenyewe, usiku mmoja, hasara inayowapata watu wasiojua kutafuta kwa utaratibu.

USIKU ULE

Tulikuwa tukifundisha katika kijiji kimoja cha pwani, kusini ya Kalemie. Kijiji kilikuwa na mashua moja ya mbao yenye motere ya nguvu-farasi 40, iliyonunuliwa kwa michango ya jamaa zote. Kijana mmoja aliwekwa kuiendesha na kuitunza.

Usiku mmoja wa kiangazi, yapata saa nne, mama mmoja aliletwa ufukoni pamoja na mtoto wake wa miaka mitatu. Mtoto alikuwa na homa kali ya malaria, na degedege lilikuwa limemshika mara mbili. Mwuguzi wa zahanati alikuwa amesema: "Apelekwe hospitali usiku huu huu, msingoje asubuhi."

Kijana akazungusha ufunguo. "Ta!" Akarudia. "Ta!"

Hapo kila mwanamume akawa fundi. Mmoja akasema esansi imeingia maji. Wakaimwaga, wakatia nyingine. Mwingine akafungua buji, akazisugua, akazirudisha. Wa tatu akafungua kichujio. Ikatafutwa ile kamba ya dharura ambayo huvutwa kwa mkono ili kuiamsha motere. Kumbe ilikuwa imefungiwa mbuzi, na mbuzi aliuzwa pamoja na kamba yake. Saa mbili zikapita.

Mikono ilipochoka, midomo ikaanza kazi. Wengine wakasema kijana ameuza kitu cha ndani ya motere. Mwingine akanong'ona kwamba jamaa ya kijana ina chuki na jamaa ya mtoto, na kwamba motere imefungwa kwa dawa. Kijana alisimama ndani ya maji yaliyomfika magotini, taa mkononi, asijibu neno.

Saa saba ya usiku akafika mzee mmoja, ambaye zamani alikuwa fundi wa mashua bandarini; watu walikwenda kumwamsha katika kijiji jirani. Hakushika spana. Aliuliza kwanza:

"Mwanangu, motere inazunguka bila kuwaka, au haizunguki kabisa?"

"Haizunguki kabisa, Baba."

"Basi buji mmezifungulia nini?"

Hakuna aliyejibu.

KUZUNGUKA NA KUWAKA NI MAMBO MAWILI

Katika swali lile la mzee ndimo ilimo elimu yote ya jambo hili. Motere, ili iwake, sherti kwanza izungushwe. Esansi, hewa na cheche ya buji ni chakula cha motere inayozunguka. Lakini kazi ya kuizungusha ni ya mota ndogo ya umeme iitwayo demareri. Nayo demareri haili esansi hata tone moja, inakula umeme wa batri tu. Kwa hiyo, motere ikizunguka bila kuwaka, tafuta katika esansi na buji. Isipozunguka, ziache, ukaifuate njia ya umeme.

Njia hizo ni mbili. Ya kwanza ni njia kubwa: umeme hutoka katika batri, hupita katika waya nene mpaka kwenye relee, toka hapo mpaka kwenye demareri, kisha hurudi kwa mwili wa motere na waya mweusi mpaka katika batri. Ya pili ni njia ndogo, yaani njia ya amri: hupita katika fizibo, katika ufunguo, na katika kizuizi kinachokataza motere kuamka gia ikiwa imeshikwa. Mwisho wake ni relee ile ile. Relee ni kama bawabu: husikia amri ndogo, hufungua mlango mkubwa. Ile "ta!" ni sauti ya mlango huo.

Basi masikio yenyewe huanza kutufundisha. Ikisikika "ta!" moja, amri imefika kwa bawabu, na shida iko katika njia kubwa au mbele yake. Ikisikika "ta-ta-ta-ta" ya haraka, mara nyingi batri imechoka au kibano chake kimelegea. Isiposikika kitu chochote, aidha batri imekufa kabisa, aidha amri imezuiwa njiani.

MZEE ALITAFUTA NAMNA GANI

Mzee aliwasha taa ya mashua. Ikang'aa vizuri. Watu wakasema, "Unaona, Baba, batri ni nzima." Akamwambia kijana azungushe ufunguo. "Ta!" Taa ikafifia, ikawa kama kaa linalozimika. Ufunguo ulipoachwa, ikang'aa tena.

Akatoa mfukoni kipima-volti kidogo. Akakigusisha juu ya vichwa vya risasi vya batri yenyewe: volti 12.5. Ufunguo ukazungushwa: 12.4. Kisha akaacha ncha nyeusi mahali pake, akaihamisha ncha nyekundu kidogo tu, isiguse tena kichwa cha batri bali kibano kinachokishika. Volti 12.5. Ufunguo ukazungushwa: 5.

"Umeme umefika hapa," akasema, "ila hauvuki."

Akafungua kwanza waya mweusi, kisha kile kibano chekundu. Kwa nje kilikuwa safi. Kwa ndani kilikuwa na vumbi jeupe lenye rangi ya majivu, jembamba kuliko ukucha. Mzee akalikwangua kwa kisu mpaka risasi ikang'aa, akakaza. Motere ikazunguka, ikawaka mara moja. Kazi yote ilikuwa robo ya saa.

Labda msomaji atauliza: ikiwa umeme hauvuki, taa iliwakaje? Fikirini kijia cha porini. Mtu mmoja hupita bila shida, lakini lori haliwezi kupita. Taa ndogo huridhika na ampere moja au chini yake. Demareri ya motere kama ile hutaka zaidi ya ampere 100 kwa mara moja. Ndiyo sababu taa inayong'aa si shahidi wa kutosha. Sherti uitazame wakati ufunguo unapozungushwa.

UTARATIBU WA KUFUATA

Kwanza, tazama fimbo ya gia. Iwe katikati kabisa, isielekee mbele wala nyuma. Itikise kidogo huku ukijaribu ufunguo. Tazama pia kamba ya usalama ambayo mwendeshaji hujifunga mwilini. Katika motere nyingine, ikitoka mahali pake, hata demareri hainyanyuki.

Pili, pima batri. Batri ya volti 12 iliyojaa na kupumzika huonyesha 12.6 au zaidi kidogo, ikionyesha 12.2 imebaki nusu. Chini ya 12 imekaribia kwisha. Kisha ipime wakati wa kuzungusha. Ikianguka chini ya 9.6, haina nguvu ya kazi hiyo, au motere yenyewe imekwama.

Tatu, safisha vibano vyote viwili, hata kama machoni vinapendeza. Batri ya risasi na asidi, ambayo Mfaransa Gaston Planté aliibuni mwaka 1859, mpaka leo haijaacha tabia yake ya kutoa unga mweupe au wa kijani vichwani. Unga huo huoshwa kwa maji ya vuguvugu yenye bikabonati, bila kuyaacha yaingie ndani ya batri. Waya mweusi hufunguliwa wa kwanza na kurudishwa wa mwisho. Ukisha kukaza, paka mafuta mazito juu. Wala usisahau mwisho wa pili wa waya mweusi, pale unapofungwa katika mwili wa motere. Wengi husafisha kichwa, wakasahau mkia.

Nne, ikiwa hakuna mlio wowote, tazama fizibo. Ikiwa imeungua, tia nyingine ya kiasi kile kile. Anayetia kipande cha waya mahali pa fizibo anamfukuza mlinzi na kumkaribisha moto.

Tano, pima relee kwenye misumari yake miwili minene. Ikiwa unapozungusha ufunguo umeme uko upande mmoja, na upande wa pili haupo, ingawa "ta!" inasikika, bawabu anabisha mlango bila kuufungua, relee hiyo ibadilishwe.

Sita, ikiwa umeme unafika wenye nguvu mpaka kwenye demareri, nayo imenyamaza, makaa yake ya ndani labda yamekwisha, au motere imekwama. Toa ufunguo, ujaribu kulizungusha gurudumu zito la juu kwa mkono. Likikataa, usilazimishe. Pengine maji yameingia ndani ya silinda. Na maji hayabonyei kama hewa, bali huvunja au kupinda vyuma. Toa buji kwanza, maji yapate njia ya kutoka, ama mwite fundi.

Katika haya yote, jihadharini na moto. Batri inayochajiwa hutoa gesi inayolipuka, na mvuke wa esansi hukaa chini kabisa ya mashua, usionekane. Fungueni, mngoje upepo upite. Sigara na kibatari viwe mbali. Demareri nayo isishikwe zaidi ya sekunde 10, kisha ipumzishwe dakika mbili, maana ikichemka huungua.

Tena, jaribuni motere kabla ya kusukuma mashua. Ziwa letu lina kina cha mita 1,470 penye kina kuu. Mashua ikinyamaza katikati, nanga haifiki chini, na upepo wa kusi haungoji mtu akwangue kibano.

KIMYA CHA PILI

Mtoto yule alifika hospitali kulipopambazuka, akapona. Tunashukuru. Lakini zilipotea saa tatu, nasi tunajua kwamba mtoto mwingine asingepewa saa hizo.

Liko jambo lingine linalotusumbua mpaka leo. Asubuhi ile watu wote walimsifu mzee. Yule kijana hakuambiwa kitu. Wale waliomwita mwizi hawakurudi kusema, "Tulikosa." Aliyenena habari za dawa alijitia kusahau. Na sisi walimu, ambao kila siku tuliwafundisha watoto kwamba kila jambo lina asili yake, na kwamba mtu asihukumiwe bila ushahidi, tulikuwapo ufukoni, tukasikia yote, tukanyamaza. Baada ya mwezi mmoja kijana alirudisha ufunguo kwa wazee, akaenda kutafuta kazi mjini. Tulipomwandikia barua ya kumwomba radhi, alijibu kwa upole, lakini hakurudi.

Ni kweli kwamba naye alikuwa na kosa: vibano havikusafishwa kwa muda mrefu. Lakini hakuna aliyemfundisha kazi hiyo wala kumpa burashi, na kosa la burashi si kosa la wizi wala la uchawi.

Tangu siku ile, kila Jumamosi, wanafunzi wa darasa la sita walikwenda ufukoni pamoja na mwalimu mmoja. Walipima batri, wakaandika volti katika daftari, wakafuta na kukaza vibano. Kamba mpya ya dharura ilitundikwa ndani ya mashua, na wazee wakakataza isifungiwe mnyama. Kazi yote haikuzidi nusu saa. Wahenga walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Ufa wetu ulikuwa mwembamba kuliko ukucha.

Basi, ndugu wasomaji, siku motere itakaponyamaza mbele yenu, ifuateni njia ya umeme toka mwanzo hata mwisho, hatua kwa hatua, kabla hamjafungua kitu na kabla hamjamshitaki mtu. Na ikiwa mmekwisha kumshitaki, mkaona kosa lilikuwa vumbi tu, nendeni kwake siku ile ile.