CHUMVI NA SUKARI: KWA NINI VYOTE VIWILI?

Mama, mutoto akihara, maji na chumvi ya mwili vinatoka pamoja. Pengine utafikiri: "Kama chumvi imetoka, nimupe chumvi mingi, atapona mbio." Apana, mama! Chumvi mingi inaweza kuua mutoto. Sikia sababu yake.

Ndani ya matumbo kuko milango midogo sana, macho hayawezi kuiona. Kwa mulango mumoja, chumvi na sukari vinaingia pamoja, kama watu wawili wanaoshikana mukono. Mumoja akikosa, mwingine haingii. Na kule chumvi inakoenda, maji yanaifuata. Wakati wa kuhara, hata kuhara kwa kolera, milango mingine ya chumvi inafungika, lakini ule wa chumvi na sukari unabaki wazi. Ndiyo maana maji matupu hayatoshi, na chumvi bila sukari haisaidii sana.

Lakini vikizidi, ni hatari. Sukari mingi inavuta maji ya mwili na kuyarudisha ndani ya matumbo: mutoto anahara zaidi. Chumvi mingi ndani ya damu inakausha ubongo: mutoto anaweza kushikwa na degedege.

Dawa nzuri zaidi ni pakiti ya SRO. Tangu mwaka 2002, SRO mupya ina chumvi na sukari kidogo kuliko ile ya zamani. Mwaga pakiti nzima ndani ya maji safi, kwa kipimo kilichoandikwa juu yake. Kama pakiti haiko, pima hivi:

– maji yaliyochemshwa na kupoa, litri 1;
– sukari, vijiko vidogo 6;
– chumvi, NUSU ya kijiko kidogo.

Pitisha kisu juu ya kijiko kiwe sawasawa. Kisha onja. Kama chumvi yake inapita ile ya machozi, mwaga, anza tena.

Mupe mutoto kidogo kidogo kila mara akihara. Akitapika, ngoja dakika 10, halafu endelea polepole. Usiache kumunyonyesha. Kesho yake tengeneza maji mapya. Uliza munganga dawa ya zinki pia.

Kama mutoto hawezi kunywa, macho yameingia ndani, analegea, ao damu iko ndani ya choo, usingoje kesho. Mulete hospitali leo, na njiani uendelee kumunywesha.